Kutoka Bombay hadi Mburahati: nani anazitunza sauti zetu?

Tuanze na jina, maana tusipolimaliza mapema litatusumbua mpaka mwisho. Kwa Mswahili wa Tanga, Mombasa au Ilala, neno nyege halitamkwi mbele ya wakwe. Ni hamu ya mwili, tena ile isiyojua adabu. Lakini lebo ninayoizungumzia hapa ilizaliwa Kampala, na kwa Kiganda nyege nyege ni ile hali ya kushikwa na ngoma ghafla, miguu ikaanza kucheza kabla kichwa hakijatoa ruhusa. Ukitazama vizuri utaona maana hizo mbili hazijaachana sana. Pengine ndiyo maana mwaka 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia tamasha la Nyege Nyege, kabla serikali haijageuza uamuzi. Mwaka 2022 Bunge la Uganda nalo lilitaka tamasha lisimamishwe, na mwishowe likafanyika kwa masharti.

Vurugu za tamasha ndizo zinazofika magazetini. Mimi nataka kumzungumzia ndugu yake mkimya, yaani lebo ya Nyege Nyege Tapes, ambayo tangu mwishoni mwa 2016 imekuwa ikitoa kanda, santuri na mafaili ya muziki ambao redio nyingi zisingeugusa. Kati ya matoleo hayo zimo albamu za singeli zilizotengenezwa Mburahati, Dar es Salaam. Leo mtu wa Berlin anazinunua mtandaoni kwa urahisi kuliko kijana wa Manzese ambaye hana kadi ya benki ya kulipia.

Historia ya muziki wetu uliorekodiwa tumezoea kuisimulia kama historia ya waimbaji. Fulani aliimba hivi, bendi fulani ikavunjika, fulani akahamia kwingine. Safari hii naomba tuisimulie kama historia ya wale wanaobonyeza kitufe cha kurekodi, na wanaobaki na kanda baada ya mwimbaji kurudi nyumbani. Tukiisimulia hivyo, lebo ndogo ya Kampala inaacha kuwa habari ya vijana na kelele zao. Inakuwa sura ya karibuni kabisa ya hadithi iliyoanza karibu miaka 100 iliyopita, na swali lake kubwa bado halijajibiwa.

Safari ndefu ya santuri

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay. Hawakwenda kutalii. Walikwenda kurekodi, kwa sababu kampuni ya His Master's Voice ilikuwa na mitambo huko, na Zanzibar haikuwa nayo. Sauti iliyojulikana majumbani na kwenye vibaraza ilibidi ivuke Bahari ya Hindi, ikachongwe kwenye santuri, kisha irudi kuuzwa kwa watu walewale waliokuwa wakiisikia bure. Na iliuzika hasa. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kitabu hicho kikawa miongoni mwa nguzo za nathari ya Kiswahili. Kwa hiyo maisha ya Siti tunayo kwa lugha yetu na kwa kalamu ya mtu wetu. Sauti yake tunayo kwa sababu kampuni ya mbali iliona kuna biashara.

Baadaye akaja mtu wa aina nyingine. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alizunguka na gari na mashine za kurekodi katika nchi nyingi za bara hili, zikiwemo Tanganyika, Kenya na Uganda. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na mkusanyiko wake wa Sound of Africa ukafika santuri zaidi ya 200. Yeye hakufuata faida. Alifuata kile alichoamini kinakaribia kupotea. Mwaka 1950, miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, alirekodi mabinti wakiimba wimbo wa kiumbe nusu mtu nusu swala, aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko na kusikilizwa kwenye gramafoni. Yaani santuri ya mgeni iliingia kijijini ikageuka hadithi ya kienyeji, kisha hadithi hiyo ikarekodiwa na mgeni mwingine na kupelekwa mbali. Miaka zaidi ya 60 ilipita ndipo maktaba hiyo ikafanya safari ya kurudisha nakala kwa wenyewe.

Baada ya uhuru, Tanzania ilijaribu njia yake. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa miaka mingi, na kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio. Wimbo ulivuma nchi nzima kwa mawimbi, lakini mtu aliyetaka kuushika mkononi kama santuri alitegemea zaidi Nairobi, ambako ndiko viwanda na kampuni za muziki zilikuwa. Mbaraka Mwinshehe, kwa mfano, alirekodi sana Nairobi. Hapa umbali ulipungua: kutoka Bombay tumefika mwendo wa basi. Hata hivyo kanuni ni ileile. Muziki unapigwa hapa, unakuwa bidhaa kule.

Halafu tukaingia kwenye rafu ya duka. Mwezi Juni 1987, kwenye baa moja jijini London, watu wa lebo ndogo za Uingereza walikaa kujadili tatizo la kawaida kabisa la biashara: wenye maduka hawakujua waweke wapi santuri kutoka Mali, Bulgaria au Zanzibar. Wakakubaliana kutumia jina moja, "muziki wa dunia". Haikuwa nadharia ya wasomi. Ilikuwa lebo ya kubandika kwenye sanduku. Lakini tangu siku hiyo mpiga kodi wa Unguja na mwimbaji wa Bamako wakajikuta wanakaa sanduku moja, wakati mpiga gitaa wa Manchester hakuulizwa yeye anatoka dunia gani. Miongoni mwa waliohusika na harakati hizo walikuwa watu wa lebo ya GlobeStyle, ambao mwaka uliofuata walitoa mfululizo wa taarab ya Zanzibar. Sikiliza rekodi hizo leo na utakubali kwamba kazi ilifanywa kwa heshima. Lakini sanduku ni sanduku.

Kituo cha mwisho kabla ya Kampala ni Brussels. Lebo ya Crammed Discs, iliyoanzishwa na Marc Hollander mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilivunja mazoea hayo ilipotoa Congotronics ya Konono No. 1 mwaka 2004. Hawa walikuwa wazee na vijana wa Kinshasa waliopiga likembe kupitia vipaza sauti walivyojitengenezea wenyewe kwa vyuma chakavu vya magari. Sauti ilitoka na mikwaruzo, ikinguruma kama gitaa la roki. Wasikilizaji wa Ulaya waliozoea kutafuta "asili" safi wakachanganyikiwa: hii ni ngoma ya jadi au ni muziki wa umeme wa majaribio? Jibu la Kinshasa lilikuwa rahisi. Mjini kuna makelele, na bila kipaza sauti hakuna atakayekusikia.

Mwaka 2012 lebo hiyohiyo ikatoa Bongo Hotheads ya Jagwa Music, kundi la mchiriku la Dar es Salaam. Kama ulikulia uswahilini miaka ya 1990, mchiriku hauhitaji maelezo: kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na spika zilizochoka, ngoma, manyanga, na mwimbaji anayelia na maisha mpaka alfajiri. Wastaarabu wa mjini waliuita muziki wa wahuni. Albamu yake ya kusambazwa dunia nzima ikatoka Ubelgiji.

Nyumba ya Kampala

Sasa tunafika mahali ambapo hadithi inabadilika kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, Derek Debru kutoka Ubelgiji na Arlen Dilsizian, Mgiriki mwenye asili ya Armenia, walikuwa wakiishi Kampala na kuandaa sherehe za usiku zilizoitwa Boutiq Electroniq. Humo DJ angeweza kutoka kwenye kuduro ya Angola akaingia kwenye muziki wa harusi za Gulu bila kuomba radhi. Sherehe hizo zikazaa tamasha, ambalo mwaka 2015 lilifanyika kwa mara ya kwanza Jinja, kandokando ya Mto Nile. Tamasha likazaa lebo. Toleo la mwanzo kabisa lilikuwa la Disco Vumbi, mradi wa Alai K, Mkenya aliyewahi kuwa kwenye kundi la hip hop la Ukoo Flani.

Tofauti na Tracey au GlobeStyle, hawa hawakuja na mashine wakarekodi wiki tatu na kuondoka. Walipanga nyumba. Ndani ya nyumba hiyo kukawa na studio, vyumba vya wageni, na wasanii wa Dar, Nairobi, Kampala na kwingineko wakikaa wiki au miezi wakifanya kazi pamoja. Hilo linaonekana jambo dogo, lakini kwa muziki ndilo kila kitu. Mtu aliyekaa na wewe jikoni anajua wimbo wako upi ni wa kazi na upi ni wa kujifurahisha.

Tuchukue mifano miwili kutoka kaskazini mwa Uganda. Otim Alpha ni mwimbaji wa harusi kutoka Gulu. Waacholi wana larakaraka, ngoma ya vijana ya kutafutana uchumba na ya sherehe za ndoa, na kwa kawaida inahitaji kundi zima la wapigaji na wachezaji. Vita vya miaka mingi viliwavuruga watu na mifuko yao, na kukodi kundi zima kukawa ghali. Otim Alpha na prodyuza Leo Palayeng wakaanza kuihamishia ngoma hiyo ndani ya kompyuta. Mapigo yakabaki ya kasi vilevile, gharama ikashuka, harusi ikaendelea. Nyege Nyege Tapes wakakusanya nyimbo hizo kwenye Gulu City Anthems mwaka 2017. Wahakiki wa nje wakaziita muziki wa elektroniki wa siku zijazo. Gulu walikuwa wakiolea kwazo kwa miaka.

Mfano wa pili ni Ekuka Morris Sirikiti, mpiga lukeme wa Kilango. Kwa miongo kadhaa nyimbo zake zilijulikana kupitia redio, na waliozihifadhi ni wasikilizaji waliokaa na redio kaseti zao, wakasubiri atajwe, wakabonyeza kitufe. Mwaka 2018 lebo ilitoa mkusanyiko wake kutokana na rekodi za namna hiyo. Hebu fikiria: hazina ya mwanamuziki mkubwa ilikuwa sebuleni kwa mashabiki, kwenye kanda zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, zikiliwa na vumbi na joto. Hapo ndipo neno Tapes katika jina la lebo linapopata uzito. Kwetu kanda haikuwa urembo wa watu wanaopenda vitu vya kale. Ilikuwa ndiyo maktaba.

Mburahati

Singeli haikugunduliwa na mtu yeyote wa Kampala, na hili lazima lisemwe kwa sauti. Ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye vigodoro, yaani zile sherehe za mtaani za usiku kucha ambazo serikali za mitaa na polisi wamezipiga marufuku mara kwa mara na ambazo mara kwa mara zimerudi. Ma-DJ walichukua vipande vya ala za taarab na mchiriku, wakavizungusha na kuviharakisha. MC akashika kipaza sauti juu yake, akawa anachana, anasifia waliotoa pesa, anamsema jirani. Kasi ikapanda mpaka mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Msaga Sumu alikuwa anaitwa mfalme wa singeli kabla jina hilo halijafika Ulaya. Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila walijaza viwanja. EFM ya Dar es Salaam iliupa muziki huo muda hewani wakati vituo vingine bado vinajifikiria.

Kwa hiyo lebo ilileta nini? Ililetea masikio tofauti. Bongo ilipokuwa ikimsikiliza MC, Kampala iliuliza biti limetoka wapi. Jibu lilikuwa studio ndogo kama ile ya Sisso huko Mburahati, ambako maprodyuza vijana walikuwa wakitengeneza biti kwa kompyuta za kawaida. Mwaka 2017 ukatoka mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Mwaka 2018 ikafuata Poaa ya Bamba Pana. Mwaka 2019 peke yake zikatoka Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Mateso ya Sisso na Uingizaji Hewa ya Duke, ambaye ana studio yake ya Pamoja. Mwaka 2022 akaja DJ Travella na Mr Mixondo. Mwaka 2024 Sisso na Maiko wakatoa Singeli ya Maajabu. Bamba Pana na MC Makaveli walizunguka Ulaya, na wengine wakafuata.

Matokeo yake ni kwamba leo kuna singeli mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani, na nyota wake ni wenye sauti. Ya pili ni ya nje, na nyota wake ni wenye biti. Mtu anayemjua Dulla Makabila kwa moyo anaweza asimjue Jay Mitta, na shabiki wa Jay Mitta aliyeko Kraków hajawahi kusikia jina la Msaga Sumu. Si kosa la mtu mmoja. Kila msikilizaji anachukua kile anachokiweza. Asiyejua Kiswahili atashika mapigo na kuacha maneno yapite. Lakini kwa mtoto wa Mburahati anayekaa nyuma ya kompyuta, singeli ya pili ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa mbele ya albamu. Kwenye kigodoro hakuna anayeuliza biti ni la nani.

Majaribio ya nani?

Tovuti na magazeti ya muziki ya Ulaya huziweka albamu hizi kwenye kundi la muziki wa majaribio. Neno hili nalo lina mwenyewe. Kinachoitwa majaribio Berlin ni shughuli ya kawaida Mburahati: kuna bi harusi, kuna shangazi wanaotunza, kuna watoto waliokataa kulala. Hakuna anayejaribu chochote. Wanajua wanachofanya, na mtaa unawapa majibu hapohapo. Biti likipoa, watu wanakaa. Kama ni maabara, basi ni maabara yenye wasimamizi wakali kuliko mhakiki yeyote.

Hata hivyo nisingependa kulitupa neno hilo lote, kwa sababu lebo imelitumia pia kuwapa nafasi watu ambao nyumbani hawakuwa na pa kwenda. Duma, wawili wa Nairobi waliochanganya ukelele wa metali na mashine za elektroniki, walitoa albamu yao hapo mwaka 2020. Lebo dada ya Hakuna Kulala ilianza mwaka 2018 na kumtoa Slikback wa Nairobi, kisha mwaka 2019 ikatoa Kubali ya MC Yallah, rapa ambaye Kampala ilimjua kwa miaka mingi bila kumpa albamu ya kimataifa. Nihiloxica, wapiga ngoma wa Kiganda waliounganishwa na sintesaiza, walianzia hapo kabla ya albamu yao ya Kaloli kutoka kwa Crammed Discs mwaka 2020. Unaona mduara ulivyofunga: kutoka Kampala kurudi Brussels. Tofauti ni kwamba safari hii walifika wakiwa tayari na jina.

Lawama zipo, na hazipaswi kufunikwa kwa makofi. Waanzilishi ni Wazungu wawili. Wanunuzi wengi wako nje. Anayeamua ni biti gani liwe albamu na lipi libaki kwenye flashi si mtu wa Mburahati. Mtu akisema kwamba huyu ni Tracey mwingine mwenye kompyuta mpakato, nitamwelewa, ingawa sitakubaliana naye moja kwa moja. Tracey aliwarekodi watu ambao mara nyingi majina yao hayakuuzwa. Hapa jina la Sisso ndilo bidhaa, na Sisso mwenyewe ana studio, ana wanafunzi, anapanda ndege. Duke naye ana nyumba yake ya muziki, na mkusanyiko wa Sounds of Pamoja ulibeba jina la studio yake. Uwezo wa kutengeneza haujawahi kuondoka Dar. Kilichokosekana ni mtu wa kuchapisha, na pengo hilo halikuachwa na Wazungu.

Hapo ndipo swali linapotugeukia. Dar es Salaam ina kampuni, redio, wafadhili wa tamasha na matajiri wa muziki wa kutosha. Kwa nini lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Jay Mitta iwe Kampala? Ninavyoona, jibu halihusu pesa peke yake. Kwa miaka mingi tumegawa muziki kati ya ule wa heshima na ule wa wahuni. Mchiriku uliwekwa kwa wahuni, kigodoro kikaitwa uchafu, singeli ikasubiri ipate kiki ndipo ikaribishwe. Kitu ulichokidharau hukihifadhi. Unakiacha kipite kama mvua, na akija mtu na ndoo unashangaa anakinga nini.

Kazi iliyobaki kwetu

Kwa wasomaji wa fasihi kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya niandike haya kwa Kiswahili na si kwa Kiingereza. Tazama vichwa vya albamu hizo kwa jicho la msomaji. Tatizo Pesa. Mateso. Uingizaji Hewa. Msikilizaji wa nje anaviona kama sauti za kigeni zenye ladha. Sisi tunavisoma. Cha kwanza ni kauli unayoisikia kwenye daladala kila siku, imekatwa kitenzi kwa sababu haina haja nacho. Cha pili ni neno la mahubiri na la taarab. Cha tatu ni lugha ya fundi, lugha ya kitabu cha mafunzo, imepandikizwa juu ya muziki usiompa mtu nafasi ya kupumua. Hapo kuna kejeli, kuna ufupi, kuna kucheza na rejista. Mwalimu wa fasihi angeweza kufundisha kipindi kizima kwa vichwa hivyo vitatu.

Na hapo bado hatujagusa wanachosema ma-MC. Uchanaji wa singeli una ndugu zake: mipasho ya taarab, majigambo ya ngoma za mashindano, kujibizana kwa washairi. MC anayetunga papo kwa papo juu ya mapigo 200 anafanya kazi ya malenga, tena mbele ya hadhira inayoweza kumzomea. Maneno hayo hayamo kwenye majalada ya santuri zinazouzwa Ulaya, na hatuwezi kuwalaumu wachapishaji kwa kutoyaandika ikiwa na sisi wenye lugha hatujayaandika. Uhakiki mwingi wa albamu hizi umeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa walioandika walisikia sauti ya binadamu kama ala nyingine tu.

Siti alikuwa na Shaaban Robert. Aliporudi kutoka Bombay, santuri ilikuwa mali ya kampuni, lakini maana ya maisha yake ilibaki katika Kiswahili kwa sababu mwandishi alikaa chini akaandika. Hilo ndilo fungu letu katika historia hii. Kampala imeshatufundisha kwamba lebo ndogo, bila kiwanda na bila serikali, inaweza kutoa kazi ikasikika dunia nzima. Dar na Mombasa zinaweza kufanya hivyo pia, na nadhani zitafanya. Wakati tunasubiri, kuna kazi isiyohitaji mtaji: kwenda Mburahati, Manzese na Tandale, kuuliza nani alitengeneza biti gani mwaka gani, kuyaandika maneno ya ma-MC kama yalivyotamkwa, na kunakili yaliyomo kwenye kompyuta na flashi za mtaani kabla hazijafa. Maprodyuza wale bado ni vijana, namba zao za simu zinapatikana, na wengi wao wanakumbuka vizuri usiku ambao kila biti lilipigwa kwa mara ya kwanza.